Sindano Isiyo na Uzi

Bibi fundi ameshona nguo tangu usichana wake, na hakuna sindano iliyowahi kumbabaisha. Siku hiyo alimsindikiza mkwewe kwa tabibu wa sindano za Kichina, zile zisizo na dawa, maana mtoto alikuwa amekaa tumboni matako chini, na siku za kujifungua zilikuwa zimekaribia.

"Sindano haina uzi, itashona nini?" alimkebehi tabibu.

"Haishoni, bibi. Inamwamsha mtoto. Wengine hugeuka, wengine hugoma."

Tabibu akachoma sindano nyembamba kama unywele pembeni mwa kidole kidogo cha mguu wa mkwewe. Bibi hakuvumilia. Fundi gani huacha pini mwilini mwa mteja? Mkono ukaenda wenyewe, ukaichomoa, ukaichomeka kwenye kola yake.

"Mama jamani! Hapa hatupimi gauni!" mkwewe akacheka.

Tabibu akachoma nyingine, kisha akaushika ule mkono msumbufu na kuulaza juu ya tumbo. Wakangoja. Mara kitu kigumu cha mviringo kikapita polepole chini ya kiganja, kikateremka, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Kichwa hicho," tabibu akanong'ona.

Tabibu alipomaliza kuchomoa sindano, mkono wa bibi ulikuwa bado pale pale.