Salamu Isiyo na Mkubwa

Nilipoajiriwa mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni pale Mikumi, kitu cha kwanza nilichokatazwa ni kupiga goti. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa Morogoro aliyejenga kando ya barabara kuu mara tu mambo yalipokuwa ruksa. Alinikuta nimeinama mbele ya mzungu mwenye mvi kuliko bibi yangu. Akasubiri mgeni aende chumbani, kisha akaniita pembeni.

"Wewe binti, yule amekuja kuangalia tembo, hajaja kuposa. Sema 'Hi', ongeza 'How are you', mpe ufunguo."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, cha kusimama wima na kusema "Good morning, sir" wote kwa pamoja kama kwaya. Hiyo "Hi" hatukufundishwa. Mtoto wa Kizungu asiye na meno ya mbele alinisalimia "Hi", baba yake "Hi", na babu yao aliyekuja na fimbo naye "Hi", na mimi nilitakiwa niwarudishie wote ile ile bila kuchagua. Wiki za mwanzo ulimi ulisema "Hi" huku magoti yakisema shikamoo. Wageni walidhani naumwa miguu, na mama mmoja wa Kizungu akaniachia dawa ya kuchua.

"How are you" ndiyo iliyonitesa zaidi. Mimi nikiulizwa habari, natoa habari. Bwana mmoja aliniuliza, nikamweleza kwamba mama anasumbuliwa na kiuno, mvua Kilosa zimechelewa, ila mahindi ya bondeni hayajambo. Halafu nikamuuliza na yeye za safari, za nyumbani, za watoto, na kama wazazi wake bado wapo. Gari la kwenda mbugani lilikuwa linapiga honi nje. Siku hiyo mwenye nyumba alinifundisha upya, kwa sauti ya juu: jibu ni "Fine". Una homa, "Fine". Nyumba inaungua, "Fine", halafu ndiyo utafute maji.

Niliiona ni salamu ya watu wasiolelewa. Nilimwandikia mama hivyo hivyo. Sikujua kwamba hiyo salamu ndiyo itakayoniozesha.

Kwetu ni Kilosa mjini, nyuma ya stesheni ya reli. Katika ukoo wetu mtoto ni wa upande wa mama, na posa haipokelewi mpaka wajomba wakae. Mimi wazee wa kukaa nilikuwa nao wawili tu, na hao wawili walikuwa hawaamkiani.

Wa kwanza ni Mjomba, kaka yake mama, mstaafu wa reli ambaye kofia ya kazi aliivaa mpaka msikitini akaambiwa aivue. Wa pili tulimwita Babu Mdogo. Huyu alikuwa kitindamimba, mdogo wa mwisho kabisa wa bibi yangu mzaa mama, kwa hiyo kwa ukoo yeye ni mjomba wa Mjomba. Shida ni kwamba bibi alianza kuzaa kabla mama yake mwenyewe hajamaliza. Babu Mdogo alikuja duniani akamkuta mpwa wake anatembea na anaiba sukari.

Sasa nani ampe mwenzake shikamoo?

"Nimembeba mgongoni, akanikojolea," Mjomba alikuwa akisema. "Leo nimwamkie?"

"Mimi ni mjomba wake," alisema Babu Mdogo. "Tumbo lililonizaa mimi ndilo lililomzaa mama yake. Asiponiamkia, anamdharau mama yake."

Wote walikuwa na haki, na huo ndio ubaya wake. Walipokuwa vijana waliitana "wewe" mambo yakaisha. Walipoota mvi kila mmoja akaanza kudai chake, na hakuna aliyekuwa tayari kuitikia kabla hajaamkiwa.

Babu Mdogo alikuwa na cherehani kwenye baraza karibu na soko. Tangu mitumba ilipoanza kuingia mji mzima ulipanga foleni kwake, maana wazungu wana miguu mirefu na suruali zao zilitaka kukatwa. Mjomba hakuwa na njia nyingine ya kwenda sokoni. Akimwona kwa mbali, Babu Mdogo alijaza pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kuamkia wala kuitikia, hilo hata mtoto analijua. Naye Mjomba akifika mbele ya baraza alitazama juu, kana kwamba anasubiri mvua, hata kama ni kiangazi cha kupasua mawe. Akishapita, pini zilitemwa, mbingu zikaachwa zipumzike.

Lakini suruali za Mjomba zilishonwa pale pale. Mama alizipeleka, mama alizirudisha. Na nilishaona kwa macho yangu kwamba Babu Mdogo alizishona kwa uzi mzuri, ule aliouficha chini ya droo asiwape wateja.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la mbegu, Kilangali. Nilimpata kwa sababu gari lao liliharibika Mikumi, akaja mapokezi kuomba maji na mimi, kwa mazoea, nikamwambia "Hi". Alicheka mpaka akasahau maji. Kwao walikuwa watu wa taratibu, wakamtuma mshenga, mzee mmoja mpole mwenye macho makali.

Siku ya kwanza ya mshenga ilikuwa aibu tupu. Mjomba alikaa kwenye kiti cha watu wawili karibu na mlango. Babu Mdogo akaingia, akamsalimia mshenga, akamsalimia mama, akamsalimia jirani aliyekuja kuazima chungio, akamruka Mjomba akaenda kukaa upande wa pili wa chumba. Mshenga aliweka glasi ya maji chini.

"Samahani, ndugu zangu," akasema. "Mimi nimetumwa kuomba. Lakini binti akishakuwa wetu, nanyi mnakuwa wetu. Ugonjwa ukiingia hapa, nani atamwita nani? Msiba ukiingia, nani atamfungulia nani mlango?" Akasimama. "Tutarudi baada ya mavuno. Tukikuta hali ni hii, tutamtafutia kijana wetu kwingine."

Nilirudi Mikumi macho yamevimba. Wageni waliniuliza "How are you", nikawaambia "Fine". Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya neno lile.

Mahindi yalipokaribia kukauka, Mjomba alikuja Mikumi na matenga ya nyanya za kuuza kwenye mahoteli. Akapita kunijulia hali. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akaketi kwenye benchi. Mara akaingia mzee wa Kizungu, amepinda mgongo, ngozi ya mikono kama karatasi. Yeye ndiye aliyewahi: "Hi!" Nami: "Hi! How are you?" "Fine, fine." Akachukua ufunguo, akaenda zake anachekacheka.

Mjomba alikuwa amesimama. "Umemwambia nini yule mzee?"

"Nimemsalimia, Mjomba."

"Yeye ndiye aliyeanza. Mzee mzima amekuamkia wewe?"

"Hajaniamkia. Hiyo ni salamu tu. Anaanza yeyote, na jibu ni lile lile."

"Na mkubwa anajulikanaje?"

"Hajulikani. Hawana habari na hilo."

Mjomba akakaa. Akavua kofia ya reli, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ukishaulizwa hali unasema nini?"

"Fine."

"Hata kama mtu anaumwa?"

"Hata kama anaumwa."

"Kwa hiyo wanadanganyana kila asubuhi." Akatikisa kichwa. Lakini alipokuwa anabeba matenga yake kuelekea barabarani, nilimsikia akisema peke yake, taratibu, "Hi. Hi." Nikashika meza kwa mikono miwili nisipige kelele.

Niliomba ruhusa nikaenda Kilosa kabla ya mshenga. Babu Mdogo ananitania siku zote, babu na mjukuu wana ruhusa hiyo. "Mke wangu umerudi," akasema. "Yule fundi wa matrekta amekushinda?" Nikamwambia, "Atanishinda kweli kama wewe hutafungua mdomo." Nikamweleza salamu ya wazungu, kwamba Mjomba ameisikia na haikumchukiza. Alisimamisha cherehani.

"Na anayeanza anakuwa nani?"

"Hawi mtu, Babu."

"Na anayeitikia?"

"Naye hawi mtu."

Alicheka hadi futi ya kupimia ikamdondoka shingoni. Alirudia "Hi" na "How are you" mpaka mteja akadhani anaimba. Halafu sura ikabadilika. "Lakini asubiri nianze mimi? Hapana. Aanze yeye." Nikaenda kwa Mjomba, nikamkuta anaijua vizuri, na masharti yake ni hayo hayo. Nilitamani kuwafungia wote wawili ndani ya behewa.

Siku ilifika. Mshenga akaja na wenzake, wakakaa. Mjomba kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, nimevaa gauni jipya, maana mwali haonekani mpaka aitwe. Babu Mdogo akaingia. Akawasalimia wageni, akafika mbele ya Mjomba, akasimama. Namshukuru mpaka leo kwa kusimama. Mjomba akamtazama. Midomo ya wote wawili ilikuwa inachezacheza kama ya watoto wanaosubiri kuitwa ubaoni, na hakuna sauti iliyotoka. Babu Mdogo akaanza kupapasa mfukoni, nami nikajua kabisa anatafuta pini.

Nilimwona mshenga anaiangalia glasi yake.

Sikufikiri. Nilifunua pazia, nikatoa kichwa chote nje mbele ya wakwe, nikasema kwa sauti yangu ya mapokezi:

"Hi!"

"Hi!" wakaitikia wote wawili, kwa pamoja, kwa nguvu, jinsi walivyokuwa wamefanya mazoezi. Na kwa kuwa mlango ulishafunguka, Babu Mdogo akamgeukia mwenzake. "How are you?"

"Fine," akasema Mjomba. Kisha, kwa hiari yake mwenyewe, akasogea kidogo kwenye kiti akapiga-piga nafasi iliyobaki. "Kaa."

Mama alinivuta kwa nyuma ya gauni mpaka mshono ukaachia. Alikuwa ananifinya na huku anacheka, kanga ameijaza mdomoni. Sebuleni mshenga aliuliza, kwa adabu sana, "Hapa mnaamkiana Kizungu?"

"Ndio utaratibu wetu," akasema Mjomba.

"Siku zote," akasema Babu Mdogo.

Nikaolewa. Gauni lililoachia mshono Babu Mdogo alilirudishia mwenyewe, kwa uzi wa chini ya droo.

Tangu hapo pini zilikaa kwenye kimto chake cha kushonea na Mjomba aliacha kutazama mbingu. Kila asubuhi "Hi" ilirushwa kutoka barazani na nyingine ikarudishwa kutoka barabarani, na watu wa sokoni wakazoea. Wageni waliokuja mjini walidhani hao wazee walisoma Ulaya. Lakini shikamoo ilibaki pale pale katikati yao, haina mwenyewe, na kila mmoja, ukimpata peke yake, alikuwa bado anaidai.

Miaka kadhaa baadaye malaria ilimwangusha Mjomba vibaya. Alilazwa hospitali ya wilaya, na usiku mmoja mzima hakututambua. Kulipokucha alikuwa amefumbua macho, dripu mkononi, midomo imepasuka. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani pake. Babu Mdogo akaingia na futi yake shingoni. Hakuna aliyemwita, alikuwa amesikia sokoni. Alikuja mpaka kando ya kitanda. Kisha akavua baraghashia yake, mzee yule mwenye kiburi, akainama.

"Shikamoo," akasema.

Wodi ilikuwa na watu, na wote walisikia. Nilimwangalia Mjomba. Ilikuwa yake sasa, ameipata mchana kweupe mbele ya mashahidi, ile aliyoidai tangu mimi sijazaliwa. Alihitaji neno moja tu la kuipokea, na nguvu ya neno moja alikuwa nayo.

"Hi," akasema.

Babu Mdogo alijifuta uso kwa ncha ya futi. "How are you?"

"Fine," akasema Mjomba, akasogea kidogo kwenye godoro, akapiga-piga nafasi iliyobaki.