Siku Nilipomchana Paka wa Jirani

Jirani yangu wa mtaa wa Nkende alikuwa mama mtu mzima, Mwislamu aliyekuja Tarime kutoka Tanga akiwa bado msichana, na aliuza vitenge kule Bomani. Alikuwa na paka mweupe mwenye manyoya marefu, aliyeletewa na binti yake. Kwetu kijijini Itiryo paka walikuwa wa kukamata panya ghalani. Hakuna aliyewahi kuwachana. Huyu alichanwa kila siku.

Binti yake alipojifungua huko Mugumu, mama alikwenda kumhudumia kwa wiki mbili. Akaniachia paka, kwa kuwa mimi ni msusi. Alisema mikono yangu inazijua nywele. Alinipa brashi laini na kunielekeza nimchane kidogo kidogo, na nikiona mkia umeanza kupiga sakafu, niache.

Ilikuwa karibu na Krismasi, na saluni ilijaa wateja tangu asubuhi. Siku ya kwanza nilimchana. Ya pili pia. Baada ya hapo nilimwekea chakula tu na kuondoka. Nilipokuja kumshika vizuri ilikuwa siku moja kabla ya mama kurudi, na manyoya ya tumboni na kwapani yalikuwa yameshikamana mafundo magumu.

Niliona aibu, na aibu ikanitia haraka. Nikampakata, nikachukua chanuo la saluni. Mkia ulianza kupiga mara moja. Masikio yakalala nyuma, ngozi ya mgongo ikawa inarukaruka, akawa analamba midomo ingawa hakuna alichokula. Yote hayo niliyaona. Nikamwambia, "Vumilia, tunamaliza," maneno yale yale ninayowaambia watoto wanaolia kwenye kiti changu.

Kisha akatulia kabisa. Nikafurahi, nikidhani amekubali. Kumbe alikuwa amejikunja mwili mzima, macho yamekuwa meusi, anahema mdomo wazi. Fundo la kwapani lilipokataa, nikachukua mkasi. Nikakata manyoya pamoja na ngozi.

Nilimfunga kwenye khanga nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo, mzee aliyezoea ng'ombe kuliko paka. Nilimwamkia shikamoo, nikaeleza. Alishona nyuzi tatu, halafu akauliza, "Alikuuma?"

"Hapana."

"Basi alikuvumilia sana."

Mama aliporudi kesho yake, nilimwambia paka amejikwaruza kwenye bati la uzio na kwamba daktari amemshona. Aliniamini. Alinishukuru kwa kumkimbiza kwa daktari, akanipa kitenge kizuri alichokuwa amenitengea. Nilikipokea kwa mikono miwili. Sijui hata nilipata wapi sura ya kutabasamu.

Siku tatu sikuweza kufanya kazi sawasawa. Mtoto mmoja alikaa mbele yangu, mabega yakapanda hadi masikioni kabla hata sijamgusa, na nikatambua kwamba miaka yote nimeyaona mabega kama hayo na kuendelea kuvuta. Nilimwomba mama yake anisubiri kidogo, nikaenda nyuma ya saluni kunawa uso.

Jioni hiyo nilikwenda kwa jirani na kumweleza yote: siku nilizomsahau paka, chanuo, mkasi, na ule uongo wa bati. Alisikiliza huku akikunja vitenge vyake.

"Kidonda kingepona hata kama usingeniambia," alisema mwishowe. "Lakini mimi ningeendelea kumwacha mikononi mwako."

Hakunifukuza. Alimwita paka, akaanza kumchana mbele yangu, akinionyesha. Alipitisha brashi mara nne, tano. Ncha ya mkia ilipotikisika, tena kidogo tu, akaiweka brashi chini na kumwacha ashuke. Kazi ya siku hiyo ikawa imeisha, ingawa upande mmoja wa paka haukuguswa.

Tunasalimiana vizuri hadi leo, na chakula tunapelekeana. Paka akisikia sauti yangu mlangoni anaingia chini ya kitanda, na simlaumu. Mwezi uliopita mama alikwenda tena Mugumu kumwona mjukuu. Nilimwona akipita nje ya saluni, amebeba begi mkono mmoja na kapu lenye kifuniko mkono mwingine, manyoya meupe yakichungulia kwenye matundu yake. Alinipungia. Nami nikampungia, nikarudi ndani.