Risasi Katika Damu ya Mtoto

Binti yangu alikuwa bado hajaanza shule, na tumbo lilikuwa likimsumbua kila mara. Alikuwa amekonda, hachezi na wenzake, na akikasirika alijipiga kichwa ukutani. Tulikaa mtaa wa Katuba, mimi, mume wangu, mtoto, na mama yangu mzazi, ambaye alikuja kutoka Kasenga baada ya baba kufariki ili anilelee mtoto wakati niko darasani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alifanya kazi kwenye uwanja ambako walivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha vilivyomo ndani. Dada yake mkubwa alikaa mtaa wa Makomeno, na kila Jumapili baada ya misa alikuja kutukagua.

Watafiti walipopita mtaani kuchukua damu ya watoto, nilimpeleka wangu. Kiongozi wao alikuwa kijana mpole, msomi wa madini na afya, ambaye wote tulimwita docteur. Alizaliwa mkoa mwingine na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia mkate. Hata hivyo alitaka kutuletea majibu kwa lugha yetu, wakati wenzake walizoea kutuachia karatasi ya Kifaransa na kuondoka. Nilimpenda kwa hilo.

Siku ya majibu tulijaa katika ukumbi wa parokia. Docteur alisimama akatuambia kwa Kifaransa, huku akifurahi kama mtu aliyeleta zawadi, kwamba ameandika maelezo yake na kuipa programu ya akili bandia, ile unayoongea nayo kama unavyoongea na mtu. Yenyewe imemwandikia Kiswahili chepesi, na yenyewe itatusomea. Akaweka simu karibu na mikro, kipaza sauti cha parokia. Ikatoka sauti ya mwanamke, laini, Kiswahili cha mbali kisicho na neno la Kifaransa hata moja.

“Ndugu wazazi,” ikasema, “watoto wengi wa mtaa huu wana risasi katika damu yao.”

Nimekuja kujifunza baadaye kwamba kwenye kamusi neno hilo ni kitu cha bunduki, na pia ni madini ambayo sisi tunayaita plomb. Ukumbini hapakuwa na mtu aliyejua. Kwetu risasi ni ile inayoua, basi.

Sauti iliendelea kwa utulivu ule ule. Risasi hii haionekani kwa macho. Haiachi kidonda. Inaingia polepole na kuharibu akili na tumbo la mtoto. Mara nyingi huletwa na mtu mzima wa nyumbani, yule ambaye mtoto hupenda kumkumbatia. Chunguzeni ndani ya nyumba zenu.

Huku kwetu kila mtu amesikia habari za bunduki ya usiku, ambayo mchawi humpiga nayo ndugu yake bila mlio na bila tundu. Unaumwa, unakwisha, na hospitali haioni kitu. Sasa hospitali ilikuwa imeona. Ilikuwa imepima damu, imeikuta risasi, na ilikuwa inatuambia tumtafute nyumbani aliyeipiga. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alimfunga mtoto wake mgongoni na kutoka bila kungoja jibu lake. Wengine wote walinyamaza kabisa. Docteur alitabasamu. Aliuona ukimya ule akadhani tunasikiliza vizuri.

Wifi yangu, ambaye alitusindikiza, aliinama sikioni mwangu.

“Umesikia? Muntu mukubwa wa mu nyumba. Mwenye mutoto anapenda.”

Halafu akageuza kichwa, taratibu, akamwangalia mama yangu aliyempakata mtoto.

Tulipoitwa mezani, muuguzi alituambia kwamba damu ya binti yetu ni mbaya kuliko za wengi. Mume wangu alikuwa tayari ameelekea mlangoni.

Tulifika nyumbani na mama akaenda moja kwa moja jikoni kusonga bukari, ugali wetu. Wifi yangu alimfuata akasimama mlangoni.

“Mama, ile bunduki uliweka wapi?”

Mama yangu alikuwa na mdomo. Maisha yake yote aliuza samaki wakavu, na kule mtoni Kasenga mwanamke asiyejua kujibu hauzi. Hata kugeuka hakugeuka.

“Kama ningekuwa na bunduki,” akasema, “ningeanzia kwako.”

Wifi alirudi sebuleni uso umeng'aa. “Umesikia, kaka? Hata hakukatala!”

Mume wangu alikuwa ameketi na viatu vyake vya kazi miguuni, anatazama sakafu. Nilimwambia amwambie dada yake aache upuuzi. Alisema, “Acha tuone kwanza.”

Kabla ya jua kuzama avenue yetu nzima ilikuwa na habari kwamba bibi wa kwa mwalimu amekiri mwenyewe.

Kuanzia hapo mume wangu hakula tena chakula kilichopikwa na mama. Alirudi na mkate, akaula mbele yake, akitafuna polepole. Vijana waliopita kwenye ua wetu walipiga makofi, pa! pa! halafu wakajifanya wameanguka. Jirani aliyezoea kuazima kinu akatuma mtu kusema hakihitaji tena. Mama aliendelea kufagia uwanja asubuhi kama kawaida, na vijana wale walipoanguka aliwapungia mkono.

Nilimtafuta docteur ofisini kwake. Nilipomweleza alishika kichwa kwa mikono miwili, na nadhani aliumia kweli. Siku ile ile alikuja nyumbani, akamkuta mume wangu na dada yake. Akaeleza kwa Kifaransa, mimi nikatafsiri ingawa wote wawili walielewa. Hakuna bunduki. Ni plomb, madini ya ndani ya betri. Vumbi lake linakaa kwenye nguo, viatu na nywele za anayefanya kazi nayo, analeta nyumbani, mtoto anamkumbatia, analamba vidole. Akaonyesha suruali ya kazi iliyoning'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mtoto.

Mume wangu akasimama.

“Unasema ni miye naua mutoto yangu?”

“Sijasema kuua, papa.”

“Unasema nini basi?”

Wifi aliingilia. “Kule parokia mulisema lisasi. Leo, sababu mwalimu alikuja kulia kwenu, munasema betri. Kesho mutasema nini?”

Docteur alichomoa simu. Maskini, alidhani tatizo ni neno. Akaiuliza ile programu itueleze vizuri, na sauti ile ya mwanamke ikatoka tena, safari hii katikati ya sebule yetu.

“Samahani kwa mkanganyiko huo. Neno risasi lina maana mbili...”

Wifi alipiga kofi moja mapajani. “Njo vile! Iko na maana mbili, yenyewe inasema. Na ile ingine tunaijua.”

Docteur aliomba kuchukua ile suruali akaipime. Mume wangu alimfungulia mlango atoke. Nilimtazama nikaona anajua. Nilikaa naye miaka ya kutosha kujua uso wake anapoelewa jambo. Alikuwa amewekewa suruali yake upande mmoja na mama yangu upande mwingine, na hakuchukua muda kuchagua.

Hawakuweza kumwondoa mama kwa maneno yao. Wifi alitoa mabegi yake nje, mama akayarudisha ndani. Wakamwambia ataitiwa watu wa maombi. Akasema waje, atawapikia. Walimwondoa kwa kinywa cha mtoto. Jumapili moja wifi alikaa naye uwanjani kwa muda mrefu, akimpa biskuti, akimnong'oneza. Jioni mama alipomwita aje aoge, binti yangu alisimama mbali, tumbo mbele, akasema kwa sauti ya kukariri:

“Kambo, toa kwanza ile lisasi uliniwekea.”

Kambo kwetu ndiyo bibi. Mama alibaki ameinamia beseni. Alinawa mikono yake mwenyewe katika maji yale ya mtoto, akayamwaga, akaingia ndani kufunga nguo zake.

Nilisema naondoka naye. Alikataa kwa ukali.

“Ukae na mutoto. Na ile masuruali uifulie inje, weye mwenyewe, mbali na yeye. Ulisikia docteur alisema nini. Ao miye peke yangu njo nilisikia?”

Asubuhi alipanda lori la wachuuzi wa samaki kurudi Kasenga. Mume wangu alikuwa ameamka mapema kuliko kawaida kwenda kazini.

Nikafua. Suruali ile niliiloweka nje kwenye ndoo yake, viatu nikavifungia kibandani, sakafu nikaipiga maji kabla ya kufagia. Mume wangu aliona yote hayo. Alianza tu kuacha viatu nje yeye mwenyewe.

Miezi ilipita, docteur akanialika mjini kwenye mkutano wa wasomi waliotaka kujadili namna ya kutumia akili bandia kuwaeleza watu sayansi. Alisema nikija mtoto atapimwa tena. Nikaenda. Aliweka sentensi ile ya risasi katika damu ukutani kwa herufi kubwa na kusimulia habari yetu bila kutaja jina, vizuri sana, kwa kujilaumu kidogo na kupumzika mahali panapofaa. Alipofika kwa bibi aliyesema “ningeanzia kwako,” ukumbi wote ulicheka. Mwanamke mmoja alifuta machozi ya kicheko. Docteur akanipa mikro niongeze neno. Nilisema bibi huyo ni mama yangu na hakai tena kwangu. Walipiga makofi kwa adabu, halafu mzee wa mstari wa mbele akauliza ni programu gani kati ya zilizopo inayojua Kiswahili zaidi. Walijadili hilo mpaka chai.

Mtoto alipimwa. Docteur alinipigia mwenyewe, akatumia neno plomb: imeshuka, imeshuka sana, tuendelee hivyo hivyo.

Nilimwambia mume wangu wifi akiwapo. Wifi aliruka kutoka kitini akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka.

“Munaona? Mulozi anaenda, damu inasafika! Na docteur mwenyewe amepima!”

Majirani walikubali. Mume wangu alikubali pia. Nilimkazia macho mbele yao wote; aliniangalia usoni akasema, “Mungu ni mkubwa,” na viatu vyake vilikuwa nje ya mlango ambako alivivua.

Nilimpigia mama. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba imeshuka, na nilipomwambia ndiyo alicheka kwa furaha, kicheko kile cha sokoni. Nikamwambia sasa arudi.

“Nirudi?” akasema. “Nikirudi na mutoto anapata hata mafua, batanichoma. Hapana. Nipe yeye tu nimusikie.”

Nilimnyooshea binti yangu simu. Aliitazama, sauti ya bibi yake ikimwita kwa jina kutoka ndani yake, akaweka mikono nyuma ya mgongo.