Chupa ya Asha haikuganda

Assalaam aleikum. Msitake kunijua jina. Mimi ni bibi wa miaka sabini na minane, naishi Ng'ambo, figo zimechoka na daktari hakunificha. Nilisomesha kemia chuoni mpaka nikastaafu.

Nilikuwa na mwanafunzi, nimwite Asha, mamake mkulima wa mwani. Alikuwa akitengeneza polima, yaani plastiki, kwa molekuli zinazoshikana kila upande. Ukizipika, kwa kawaida chupa nzima huganda, ikawa donge lisiloyeyuka tena kwa chochote. Asha akatia kwa wingi dawa nyengine, inayonuka kama yai viza, ya kukata minyororo kabla haijarefuka. Alitaka polima yenye matawi mengi lakini inayoyeyuka.

Akaja mbio. "Mwalimu, imeiva na bado inamiminika!"

"Inamiminika kwa sababu hukupika kitu," nikamwambia. "Umetunukishia jengo zima bure. Rudi na uvundo wako Makunduchi, ukautie shambani."

Wenzake wakacheka. Nikamfelisha, naye akaacha chuo.

Baadaye, nikisafisha maabara, niliimimina chupa yake kwenye spiriti. Ukashuka unga mweupe, tele. Nikautia kwenye kiyeyushi, ukayeyuka wote, hata chembe haikubaki. Asha alikuwa amepatia: polima iliundwa, na inayeyuka. Niliona haya kumwita mbele ya wale waliocheka. Nikaumwaga.

Leo Asha ni jirani yangu, anauza urojo. Sina mtoto, yeye ndiye anayeniogesha, ananichana nywele, ananilisha uji. Juzi alikuja na binti yake aliyemaliza kidato cha sita, anayetaka kusoma kemia. Asha akamkatiza: "We! Sisi hatuna kichwa hicho. Mie nlijaribu, nkapika uvundo mtupu. Muulize Mwalimu." Akanigeukia akicheka, kijiko mkononi. "Si ndivyo, Mwalimu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo.

Mtoto akainama. Wiki hii anachagua masomo, na mama yake ameshamwambia achague ualimu wa chekechea.

Wanangu, la zamani naweza kusema lilikuwa la kiburi cha cheo. Hili la juzi je? Nikisema kweli, huenda nikafa bila mkono wa kunigeuza kitandani. Nikinyamaza, nimefelisha wawili. Asubuhi atabisha hodi na bakuli lake. Nishaurini, nimwambie vipi, na nianze kabla ya uji au baada yake?