Kuku Mbele ya Waheshimiwa

Nianze na ujinga wangu: nilienda kuwaona waheshimiwa nikiwa na kuku kwapani. Kwetu Malava huendi kwa mtu kuomba neno mikono mitupu, na mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Adabu za ofisi ningezijulia wapi?

Aliyenitoa kitini ni jirani yangu Mama Divine, Mrundi anayeuza njugu sokoni. Kulikuwa na pendekezo kwenye bunge la kaunti, Kakamega, kwamba asiye na kitambulisho cha Kenya asipewe kibanda. Wenzake, Warundi na Wakongo, waliogopa kusimama mbele ya serikali. Wakanichagua mimi kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, na hata mke wangu husema nina mdomo.

Asubuhi na mapema nilipanda bodaboda. Tulifuata malori ya miwa hadi Lubao, mimi nikijaribu hotuba mgongoni mwa dereva, kuku akichafua suruali yangu ya harusi.

"Mzee, hayo maneno yanatosha," dereva akasema. "Usiongeze kitu."

Kakamega mjini, askari wa lango alinyoosha mkono. "Huyo niachie hapa." Macho yake yalishasonga ugali. Nikaingia na kuku wangu.

Ukumbini, nilipoitwa tu, kuku akapiga kelele kama aliyetoka kutaga. Mwenyekiti wa kamati akarekebisha miwani.

"Mzee, huyo ni shahidi ama ni hongo?"

Wakacheka. Nikaanza kueleza mila. Mwingine akauliza kama kuku mwenyewe ana kitambulisho. Wakacheka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Nilipofika kwenye habari za Mama Divine, kwamba watoto wake wamezaliwa hapa na kibanda ndicho karo yao, mwenyekiti akaangalia saa.

"Muda umeisha, mzee. Tumekusikia. Na urudi na kuku wako."

Pendekezo likapitishwa vilevile kabla sijafika mlangoni.

Jioni nilimkuta Mama Divine akiningoja njia panda, beseni la njugu kichwani. Nilimweleza yote, hata kicheko changu. Nilichojifunza ni kichungu: ukishawachekesha wakubwa, wanakupenda sana, na hawakumbuki tena ulikuja kuomba nini.

Alimtazama kuku, kisha akanitazama mimi.

"Baba Nekesa, afadhali ningetuma hiyo kuku peke yake. Hiyo angalau walisikiliza."