Waya Bado Hajala

Harufu inayonirudisha kwenye nyumba yetu ya Manyatta ni ya kitunguu kinachokaangwa juu ya stovu ya mafuta ya taa. Kwa kweli ni harufu mbili, moja tamu na nyingine ya kuumiza kichwa, na mpaka leo sijui kuzitenganisha. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja na kipande, na kile kipande ndicho kilichokuwa jikoni. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, kwa hiyo chochote kilichopikwa kilibaki nasi mpaka asubuhi, kwenye mapazia, kwenye sare za shule, kwenye nywele. Mvua za masika zilipoanza mwaka ule, Mama alipelekwa hospitali Eldoret kufanyiwa upasuaji, na nyumba ikaacha kunuka chakula. Baba alijua kupika chai na kuchemsha mayai, basi. Alikuwa fundi wa magari pale Kondele, mtu mpole kupita kiasi, wa kuomba radhi hata kiti alichokigonga mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu Akinyi alikuwa na mitano, naye tangu Mama aondoke alikuwa amegoma kula. Hakulia wala kupiga kelele. Alifunga tu mdomo na kuugeuza uso, na mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kupitia gauni.

Habari za mtoto kukonda hazihitaji nauli, zikafika Asembo Bay, kijijini kwa kina Baba kando ya ziwa, mapema. Huko ndiko alikokuwa Waya. Kwetu Waya ni shangazi, dada ya baba, na huyu wetu alikuwa mkubwa kwa Baba kwa miaka mingi, muuza samaki mwenye sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa soko. Alipiga simu Jumatano akasema watu wa nyumbani wamekaa, wamezungumza, na wamemtuma aje Jumamosi kumchukua Akinyi. Baba aliitikia ndiyo, ndiyo, dada, ndiyo, akakata simu, akakaa akiitazama. Angesema nini? Huyo ndiye aliyembeba mgongoni. Akatuambia kwa sauti ya chini kwamba Waya atafika, atakula, kisha ataondoka na mtoto. Nilipomuuliza kwa nini ale kwanza, akanieleza kwamba kwetu mtoto hatolewi nyumbani na mtu mwenye njaa. Ukimchukua mtoto kabla hujala kwa wenyewe, ni kama umemnyang'anya.

Niliogopa, na niliogopa kwa sababu. Nilikuwa na binamu aliyepelekwa Asembo kwa mwezi mmoja tu, mama yake ajipange. Aliporudi alikuwa amepoteza meno ya utoto na kuota mengine, na alimwita mama yake shangazi. Nilijua Akinyi akiondoka na mdomo ule uliofungwa, Mama atakuja kumkuta mtoto asiyemjua, au asimkute kabisa. Tena Mama alikuwa ameniambia, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, kwamba Akinyi asitoke machoni pangu. Basi nikajipangia akilini mwangu kwamba Waya akikuta nyumba imefagiliwa na chakula cha kueleweka mezani, ugali mkubwa na kitoweo cha nguvu, ataona kwamba tunajiweza na atamwacha mtoto. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga. Nilikuwa mtoto mwenye kichwa kigumu, na nikishika jambo siliachi.

Tatizo ni kwamba ule ndio mwaka unga wa mahindi ulipotea madukani. Wakubwa watakumbuka zile foleni. Jumamosi hiyo nilipanga foleni kabla jua halijatoka, nimebanwa kati ya mgongo wa mama mmoja mnene na ndoo ya mwingine, na lori lilipokuja watu wakasahau kama kulikuwa na foleni. Nilipofika kwenye dirisha la duka, muuzaji alikuwa akikunja magunia matupu. Akanitazama kwa huruma. "Unga imeisha, mama," akasema. "Iko spageti tu. Chukua hiyo, watoto wanapenda." Nililia palepale, bila aibu. Ungekuwa wewe ungelia pia. Mtu wa Ziwani ukimpa wali atakushukuru, ukimpa chapati atakushukuru, ukimpa viazi atakushukuru, halafu ataegemea kiti na kungoja chakula. Chakula ni ugali. Vingine ni kuchangamsha mdomo. Nami nilikuwa naenda kumpa Waya, wa kutoka Asembo, spageti.

Lakini spageti ndiyo iliyokuwapo, na Mama alikuwa na namna yake ya kuipika jioni alizochelewa kutoka kazini, chakula cha sufuria moja na mafuta kidogo. Nikapita kwenye bucha nikachukua nyama ya kusaga, ile ya bei ya chini wanayoichanganya na mafuta. Nyumbani nikakagua stovu. Mafuta ya taa yalikuwa chini kabisa, yakicheza ukiitikisa, hela nilikuwa nimeimaliza kwenye bucha, na Baba alikuwa gereji hadi saa kumi. Nikafungua kabati nikatoa kikombe nilichokuwa nimekifunika na kisahani. Ndani yake kulikuwa na malai. Kila tulipochemsha maziwa nilikuwa nikiengua ule utando wa juu na kuuweka, kwa sababu Mama alipenda mboga chungu za osuga, yaani mnavu, zilizotiwa malai, na nilikuwa namwekea ya siku atakayorudi. Nilishika kile kikombe kwa muda. Halafu nikakiweka karibu na stovu kipate joto.

Nilianza kupika saa kumi kasorobo. Nyama kwanza, bila maji wala mafuta mengine, mpaka ikatoa mafuta yake na kuanza kulia chini ya sufuria. Kitunguu. Nyanya mbili zilizoiva mno. Chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa kwa chupa. Maji yakaingia juu ya nyama, na spageti niliyoivunja katikati ikaingia humohumo, nikafunika kwa sahani. Moto ukawa wa buluu, kisha wa manjano, kisha ukaanza kutoa moshi, na nilipoonja uzi mmoja ulikuwa bado mgumu moyoni. Hapo nikasikia "hodi" mlangoni. Hiyo sauti haikuhitaji utambulisho. Baba alikuwa amefika naye, amembebea mfuko, na wakati wanakalishana kule sebuleni ule moto ukazimika.

Sijui nilifikiria nini. Nadhani sikufikiria, mikono ndiyo iliyofikiria. Nilitungua leso ya Mama kwenye msumari, nikaifungia sufuria yote, ile sahani na masikio yake, nikaweka jiwe la kusagia juu, nikakaa nimeikumbatia sufuria kati ya magoti ili joto lisitoke. Waya aliuliza hali ya Mama. Baba akajibu. Waya akauliza nguo za Akinyi ziko wapi, na Baba akanyoosha kidole kwenye begi dogo alilolipanga mwenyewe asubuhi na kuliweka kando ya mlango. Akinyi alikuwa ameketi juu ya begi hilo, hajui ni lake. Paja langu lilikuwa linaungua na sikuthubutu kusogea.

Nilipofungua, mvuke ulinipiga usoni na spageti ilikuwa imelainika. Bado kulikuwa na kazi ya malai, na malai yana hasira zake. Ukiyamwaga ghafla kwenye nyanya ya moto yanakatika, unabaki na punje nyeupe zinazoelea kama maziwa yaliyoharibika. Nikachota mchuzi kijiko kimoja nikautia kwenye kikombe, nikakoroga, nikaongeza kingine, mpaka kikombe kikawa na joto sawa na sufuria. Kisha nikamimina polepole huku nazungusha mwiko. Rangi ikageuka kutoka nyekundu hadi ile ya udongo wa Asembo baada ya mvua, na mchuzi ukashika spageti vizuri. Nikapumua.

Nilimnawisha Waya mikono kwa maji ya vuguvugu kutoka kwenye jagi, nimepiga magoti, kama nilivyofundishwa. Nikaleta sahani. Akaitazama. Akanitazama. "Ugali uko wapi?" akauliza, si kwa ukali, kwa mshangao tu. Nikasema, "Unga haiko mjini, Waya. Nimepanga laini tangu asubuhi." Uma tulikuwa nao mmoja na aliukataa. Akachovya vidole, akainua nyuzi juu, akaziteremsha mdomoni huku kichwa amekielekeza dari, na kila mtu akangoja. Akala tena. Halafu Akinyi akatoka juu ya begi. Nadhani ni zile nyuzi zilizomvuta, kule kuona mtu mzima na ukubwa wake anahangaika na chakula. Alikuja akasimama kwenye goti la Waya, akatia mkono kwenye sahani yake, akala. Alikula mpaka malai yakampaka kidevu, na Waya akawa anamsogezea nyama kwa kidole. Baba aligeukia ukutani. Nilijua analia, lakini sikumtazama.

Sahani ilipokwisha, Waya alinawa, akakausha mikono kwa leso yake taratibu. "Mtoto, umepika vizuri," akaniambia. "Nimeonja." Akamgeukia Baba. "Lakini sijala, ndugu yangu. Wewe umeona ugali hapa? Mimi sijaona. Na mimi siwezi kutoka na mtoto wa mtu tumbo ikiwa bure. Watu watasema nini?" Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda unga ukapatikana kesho. Waya akamtazama kwa muda mrefu, vile dada mkubwa anavyomtazama mdogo wake mjinga. "Haraka ya nini?" akasema. Akavua viatu.

Nilikuwa nimepanga foleni tangu alfajiri kutafuta kile kitu ambacho, ningekipata, kingemtoa Akinyi nyumbani jioni ileile. Hilo nililielewa usiku, nikamvuta Akinyi karibu nami.

Waya alikaa. Alilala na sisi kwenye godoro letu, akakoroma, akatupikia viazi vitamu, mihogo, wali, na samaki wa kila namna. Unga uliporudi dukani yeye ndiye aliyeuona kwanza, akaniambia nisijisumbue kwenda, eti ule wa siku hizo una wadudu. Watu wa nyumbani walipiga simu mara kwa mara kuuliza mtoto yuko wapi. Nilimsikia akiwajibu, kwa ile sauti ya sokoni, "Bado sijala." Mama aliporudi, amekonda na anatembea ameshika tumbo, Akinyi alimkimbilia na kumwita Mama. Jioni hiyo Waya alitoa pakiti ya unga kwenye mfuko wake, sijui aliiweka lini, akasonga ugali mwenyewe, akala, akanawa, akaaga. Aliondoka mikono mitupu.

Sasa nina jikoni yangu, Milimani, yenye dirisha linaloliona ziwa. Gesi haizimiki bila kunionya, na malai nanunua kwenye pakiti, hayakatiki hata uyamwage vipi, wala hayana ladha ya kumngoja mtu. Chakula kile napika nikichelewa kazini, kiko mezani kabla wanangu hawajamaliza kugombania rimoti. Akinyi akija kutoka Nairobi anakula sahani mbili. Na miaka yote hii, kila Waya akitutembelea, siku ya kwanza nampa spageti, naye anasema ameonja, na hivyo ndivyo tunavyojua kwamba hajafika mwisho wa ziara. Ugali nausonga siku anayoondoka tu. Hatujawahi kulizungumza.

Safari hii alikuja kwa ajili ya kliniki, na amekaa kuliko zote. Daktari amekuwa akizungumza nami kwenye korido badala ya chumbani. Leo asubuhi nilimkuta Waya ameketi kitandani, amejifunga leso vizuri, amechana nywele. Akaniomba nimsongee ugali. Nikamwambia unga umeisha. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na pakiti ilikuwa pale kwenye rafu, tunaiona wote wawili. Waya aliitazama, akanitazama, akajilaza tena kwenye mto.

"Basi lete ile yako," akasema. "Nionje."