Upande wa Pili wa Meza

Fundi cherehani aliyeitwa Futikamba, kwa kuwa kamba ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya msiba, alikuwa na mashati kumi na moja yaliyokwisha kushonwa, yote hayana vifungo. Miaka thelathini na minane yeye alikata na kushona, mkewe alitoboa vitundu na kutia vifungo kwa mkono, wamekaa uso kwa uso kwenye meza moja. Mke alikufa mwezi wa pili. Tangu hapo mteja akija huambiwa, "Bado vifungo," kana kwamba vifungo viko njiani.

Zamani mfiwa hakuachwa akae kimya. Majirani walimjia mpaka akawachoka, na kuwachoka huko ndiko kulikomponya. Siku hizi jirani anatuma picha ya ua kwenye simu, na mfiwa anaandikiwa kadi ya miadi: Jumanne, saa nne, chumba namba sita.

Kadi aliileta bintiye.

"Baba, nenda hizo Jumanne sita. Zikiisha na mashati bado yananing'inia hapo, tunauza cherehani, unahamia kwangu."

"Kwako nitafanya nini?"

"Utapumzika."

"Waliopumzika nawajua. Mmoja ni mama yako."

Akaenda. Chumba kilikuwa na viti viwili vya plastiki, boksi la karatasi za kufutia machozi, na mshauri nasaha wa umri wa mjukuu wake, aliyekwisha kusoma faili lote. Jumanne ya kwanza Futikamba aliulizwa anajisikiaje, akajibu yu mzima. Ya pili alipewa karatasi achore huzuni yake, akachora kola. Ya tatu walitazamana. Ya nne, kifungo cha mkono wa blauzi ya mshauri kilikuwa kimeshikwa na uzi mmoja, blauzi ya dukani hiyo, na mzee hakusikia swali hata moja.

"Kinaanguka hicho, mwanangu."

"Marehemu mkeo angekishonaje, mzee?"

Hapo akasema. Kwamba uzi hupakwa nta kwanza. Kwamba kifungo hakilazwi juu ya kitambaa. Unakiinua kwa njiti ya kiberiti, ukimaliza unachomoa njiti, unauzungusha uzi mara tatu shingoni mwake, kipate kupumua. Kwamba mkewe alikata uzi kwa meno, na miaka thelathini na minane aliambiwa aache. Mshauri hakuandika kitu. Saa ilipokwisha walishangaa wote wawili.

"Wiki ijayo niletee shati moja," mshauri alisema.

Jumanne ya tano akaja na shati la mwalimu mstaafu, vifungo saba, kila kimoja kimesimama wima shingoni mwake. Mshauri alilifunga, akalifungua, akalifunga tena, akaitazama blauzi yake.

"Mzee, hili ni la mwanamume?"

"La mwalimu."

"Linafungwa kama blauzi yangu."

Futikamba akalichukua. Vitundu vilikuwa kulia, vifungo kushoto, kama nguo ya kike. Mwanagenzi wa wiki moja asingekosea hivyo.

"Nilikuwa namwona toka ng'ambo ya meza," alisema. "Mkono umefuata jicho."

Mshauri alimsogezea boksi la karatasi, na hiyo ndiyo huduma bora iliyopata kutolewa chumbani humo. Mzee alichomoa karatasi moja, akafuta miwani. Akaifuta tena.

Jumanne ya sita hakwenda. Bintiye alipokuja kumgombeza, alimkuta amehamia kigoda cha marehemu, mgongo mlangoni, njiti ya kiberiti mdomoni, shati la nne mapajani. La mwalimu lilikuwa limekwenda vivyo hivyo, maana kitundu kikishatobolewa hakizibiki. Mwalimu alilivaa akashukuru. Siku hizi nani ajuaye shati linafungwa upande gani?

"Baba, mbona umekaa hapo?"

"Huku ndiko vinakotiwa vifungo."

Akakata uzi kwa meno. Binti akatafuta pa kukaa. Kilibaki kigoda kimoja tu, cha baba. Akakikalia, akayatazama mashati yaliyobaki ukutani. Saba. Habari ya kuuza cherehani hakuitaja.